Mitapu ya WordPress Kisumu: peleka hiyo websaiti yako inayokusumbua

Kama uko Kisumu na websaiti ya biashara yako inakutoa jasho, kabla utafute fundi mwingine enda kwanza mitapu, yaani mikutano, ya watu wa WordPress, ile programu ya kutengeneza websaiti. Huwa naenda Jumamosi zile wanakutana hapa tao na naipea nyota nne kati ya tano, hiyo moja imebaki nitasema mbona.

Kwanza hulipi kitu, na hakuna mtego ndani. WordPress yenyewe iko chini ya laisensi ya GPL, tangu Matt Mullenweg na Mike Little waitoe 2003 wakijengea juu ya programu nyingine ya b2, yeyote anaweza kuitumia, kuichungulia ndani na kuibadilisha anavyotaka. Mitapu nazo zina masharti yake: wanaopanga wanajitolea, wanaoongea mbele hawalipwi na mlango uko wazi kwa kila mtu. Ndio unakuta mwanafunzi wa Maseno ameketi na mama wa mitumba wa Kibuye na jamaa ametoka Kakamega na matatu ya asubuhi, na hakuna anayeulizwa kama anajua kuandika kodi za kompyuta.

Lakini utamu wenyewe uko baada ya hotuba, wakati watu wanafungua laptopu na kila mtu anatoa shida yake. Mimi nasaidia kikundi cha akina mama wa pande za Dunga wanaosuka vikapu vya magugu maji, tunauza kwa WooCommerce, plagini ya WordPress ya kuweka duka kwa websaiti, na wateja wanalipa na M-Pesa. Sasa pesa ilikuwa inaingia vizuri lakini oda inabaki tu imeandikwa haijalipwa, mama anakataa kutuma kikapu, mteja anapiga simu amekasirika, na aliyetutengenezea hiyo kitu ashaacha kushika simu. Dada mmoja hapo akaangalia akaniambia cheti cha SSL, kile kinachofanya adresi ya websaiti iwe https salama, kimeisha, na Daraja ya Safaricom, ule mfumo wa kuunganisha M-Pesa na websaiti, ikimaliza malipo inatuma majibu kwa adresi ya https, hiyo adresi isipokuwa sawa majibu hayafiki na duka halijui kama mtu amelipa. Halafu akaona kitu kingine, wateja wanaandika namba ikianza na 07 na Daraja inataka 2547, ndio maana wengine hata ile ya kuweka PIN haikuwa inatokea kwa simu yao. Na hakunifanyia, alisukuma laptopu kwangu akasema shika wewe, nikaweka cheti kipya cha Let's Encrypt ambacho hakina malipo, nikakiseti kijifanye upya chenyewe kikiisha. Hicho ndicho kitu nathamini kuliko chochote hapo, unatoka ukijua.

Siku nyingine mada ilikuwa themu (muonekano wa websaiti) na plagini (vipande vya kuongeza kazi) za kulipia zinazogawanywa bure kwa magrupu ya Telegram. Wenye maduka, tafadhali sikieni hii. GPL inaruhusu kusambaza kodi ya programu, sawa, lakini hiyo kopi hujui imepitia mikono ya nani, wengi huweka mlango wa nyuma wa kuingilia kwa siri ndani, na apdeti hazikufikii. Pia waliambia kila mtu aangalie domeni yake ya .co.ke imesajiliwa kwa jina na imeili ya nani, na nyuso zilibadilika kwa hicho chumba, juu fundi ndiye ameandikwa.

Kuna meza pia ya wanaotafsiri WordPress kwa Kiswahili, unapendekeza sentensi kwa translate.wordpress.org halafu mhariri wa lugha anapitisha. Programu inayobeba zaidi ya asilimia 40 ya websaiti za dunia, na kijana wa Nyalenda anaweka maneno yake ndani. Hiyo ilinigusa sana.

Sasa ile nyota. Hotuba karibu zote ni Kizungu, tena Kizungu cha madeveloper. Nilileta mama mmoja wa kikundi, yeye alitaka tu kujua kubadilisha bei na kuweka picha ya kikapu kipya, akaketi saa nzima akisikiza mambo ya API na hakurudi tena. Inaniuma juu hawa ndio wanahitaji hii kitu zaidi. Nilisema hapo hapo mbele ya watu, na kwa vile mwanachama yeyote anayeaminika anaruhusiwa kupanga kipindi, wamenipea kimoja nikifanye kwa Kiswahili na Dholuo, cha wenye biashara peke yao. Wanaanza pia kuchelewa, na wifi ikijaa watu inalala.

Ukienda beba laptopu, chaja na bando zako. Na beba paswadi ya hostingi, pale websaiti yako imehifadhiwa, sio ya WordPress peke yake, wengi wanakuja bila hiyo na inabidi wangoje mkutano ujao. Fanya bakapu, kopi ya websaiti yako yote, usiku wa kuamkia.