Fanta ya Chungwa Nchi kwa Nchi: Ipi Inywewe, Ipi Iachwe Rafuni

Mimina Fanta ya chungwa ya Uingereza kwenye glasi, kisha mimina ya Marekani kwenye glasi nyingine pembeni. Ya kwanza ni njano iliyopauka, kama juisi ya embe iliyozidishwa maji. Ya pili ina rangi ya jaketi la fundi wa barabara. Jina moja, nembo moja, lakini ndani ni soda mbili tofauti, na ulimi hauhitaji kufundishwa kuzitenganisha.

Rangi kwanza, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Soda ya Marekani imetiwa rangi mbili za kiwandani, Yellow 6 na Red 40. Barani Ulaya, tangu Julai 2010, chakula au kinywaji chenye rangi hizo lazima kiandikwe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Hakuna anayetaka onyo kama hilo kwenye soda inayonywewa na watoto, kwa hiyo viwanda vya huko vimehamia karotini, rangi ileile ya karoti, ambayo haiwaki sana. Soda iliyopauka basi si soda iliyochakachuliwa. Mara nyingi ndiyo yenye chungwa zaidi.

Na chungwa lenyewe? Marekani hakuna juisi kabisa. Harufu inatoka kwenye mafuta ya ganda na vionjo vingine, ndiyo maana inakumbusha pipi kuliko tunda. Uingereza juisi ni kidogo, kama asilimia 5. Italia ni habari nyingine: sheria yao inataka kinywaji kilichotengenezwa humo na kuuzwa humo kwa jina la chungwa kiwe na juisi isiyopungua asilimia 20, na kabla ya 2018 kiwango kilikuwa asilimia 12. Pengine ni haki yao, maana Fanta ilizaliwa Ujerumani mwaka 1940 kwa maji ya jibini na makapi ya tufaha, na ile ya chungwa ilianza Napoli mwaka 1955. Ya Italia ina uchachu wa tunda, ukungu kidogo, na chembe zinazotuama chini. Kabla ya kuifungua igeuze polepole mara moja tu. Ukiitikisa itakuogesha.

Kwenye sukari ndiko pengo linakuwa kubwa. Kopo la Marekani la mililita 355 lina gramu 44 za sukari, sawa na vijiko 11 vya chai. Ya Uingereza ina takriban gramu 4.5 kwa kila mililita 100, yaani kopo zima la mililita 330 halifiki vijiko vinne. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Kodi ya soda ilipoanza Uingereza Aprili 2018, lita yenye gramu 5 au zaidi kwa mililita 100 ilitozwa senti 18 za pauni, na yenye gramu 8 au zaidi senti 24. Fanta imekaa chini kidogo ya mstari, na utamu uliobaki unajaziwa na vikolezo visivyo sukari. Ulimi unalijua hilo mara moja: utamu unachelewa kufika, na ukifika hautaki kuondoka. Isitoshe, kinywaji kinakuwa chepesi mdomoni, kwa sababu sukari hutia uzito pia, si utamu tu. Ukiongeza barafu unapata maji yenye harufu ya chungwa.

Linganisha na Ghuba. Kodi za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilizoanza 2017, na ya Oman ya 2019, zilipoanza zilikuwa asilimia 50 ya bei, bila kuhesabu gramu. Kodi ya namna hiyo inapandisha bei dukani lakini haimpi mwenye kiwanda sababu ya kupunguza sukari. Ndiyo maana anayetoka Muscat kwenda London hudhani amepewa soda ya mgonjwa.

Fanta ya chupa ya kioo ya Afrika Mashariki, mililita 300 Kenya na 350 Tanzania, iko upande wa sukari: rangi imekolea, utamu uko mbele, gesi inapiga puani. Haijifanyi juisi. Kwa wali na nyama ya kukaanga tunaipa nafasi ya kwanza, maana gesi na uchachu wake hukata mafuta vizuri, kazi ambayo ile ya Italia haiwezi. Ya Italia inywe peke yake, bila chakula. (Ukivuka kwenda Rwanda au Burundi, kumbuka kuwa huko "fanta" ni soda yoyote ile. Taja aina, la sivyo utaletewa watakachotaka wao.)

Sasa lile la sukari ya miwa. Wapenzi wa soda Marekani hulipa zaidi kwa chupa za kioo kutoka Mexico, wakiamini kwamba sukari ya miwa ina ladha ambayo sharubati ya mahindi, inayotia utamu soda za kwao, haina. Chupa ikiwa mpya, kuna ukweli kidogo. Lakini soda ni tindikali, na ndani ya tindikali sukari ya miwa huvunjika taratibu kuwa glukosi na fruktosi, karibu mchanganyiko uleule uliomo kwenye sharubati ya mahindi. Joto huharakisha kazi hiyo. Chupa iliyokaa wiki kadhaa kwenye kontena na miezi ghalani imeshafanya mabadiliko hayo yenyewe, na aliyelipia miwa anakunywa kitu kinachokaribia sana alichokikimbia.

Tofauti inayobaki ni ya chombo. Kioo chenye kizibo cha bati, na kopo, havipitishi gesi. Plastiki huipitisha kidogo kidogo, na chupa ndogo hupoteza haraka kuliko kubwa kwa sababu ukuta wake ni mwingi kulinganisha na soda iliyomo. Kwa hiyo mtu anayenunua plastiki ya mililita 350 iliyokaribia kuisha muda, kisha akasema soda za siku hizi hazina nguvu, anahukumu chombo. Mikwaruzo myeupe kwenye bega la chupa ya kioo isikutishe: huo ni umri wa chupa iliyorudi kiwandani mara nyingi, si wa soda.

Soda ya chungwa huchakaa vibaya kuliko kola. Mafuta ya ganda, yakikaa na tindikali kwenye joto, hubadilika harufu na kuelekea kwenye msonobari, au dawa ya kusugulia sakafu. Inyanyue chupa ya kioo uiangalie shingoni dhidi ya mwanga. Ukiona duara jembamba la mafuta limeshika ukutani pale juu ya soda, mchanganyiko umeachana: mafuta ni mepesi kuliko maji, na kilichokuwa kimeyashikilia kimeshindwa. Chupa hiyo imezeeka au imeanikwa. Irudishe kwenye kreti. Yenye karotini iangalie pia kama imepauka upande mmoja uliokuwa unatazama jua.

Ukitaka kulinganisha nchi mbili kwa haki, usionje moja leo na nyingine likizo ijayo. Tafuta zenye tarehe zinazokaribiana na chombo cha aina moja, zisimamishe kwenye friji kwa muda wa saa 12 kwenye nyuzi 4 hadi 6, kisha mtu mwingine amimine glasi tatu, kila moja mililita 60, mbili zikiwa za soda moja na ya tatu ya nyingine. Funga macho, kwa sababu rangi itakusemea kabla ya ulimi. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti. Rudieni mara sita, kila mara glasi zikibadilishwa nafasi, na katikati utafune mkate mkavu na kunywa maji. Anayebahatisha atapata kama mbili. Ukipata tano au sita, tofauti ipo kweli.

Kisha rudia kwa soda ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji, iliyotolewa gesi kwa kumiminwa glasi hadi glasi mara kumi hivi. Baridi huficha utamu na gesi huficha kasoro. Vikolezo vya Uingereza hujitokeza hapo waziwazi, na pipi ya Marekani inakuwa nzito kama dawa ya kikohozi ya watoto. Ya Italia ndiyo pekee tunayoweza kuimaliza ikiwa hivyo.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa anayekutana na makopo ya nje supamaketi kwa bei mara tatu: yenye juisi nyingi inastahili kujaribiwa mara moja, ikiwa tarehe yake bado iko mbali. La Marekani liache rafuni, halina kitu ambacho chupa ya kioo ya kiwanda cha karibu haina. Na hiyo chupa ya kioo, chagua iliyotoka ndani ya friji au kwenye kreti lililo kivulini. Zile zilizopangwa nje mlangoni kama pambo la duka zimeshapigwa jua tangu asubuhi.