Kununua wigi Dar: anza na kofia ya ndani, nywele baadaye

Kariakoo muuzaji atakuwekea nywele mkononi: "Gusa, dada, hazisokotani wala hazinyonyoki." Mwombe aipindue wigi uone kofia ya ndani, ile nywele zinaposhonewa. Fangasi hupenda joto na unyevu, na kichwa kilichofunikwa kutwa nzima kwenye jua la Dar kina vyote viwili.

Namba moja kwangu ni wigi fupi ya kuvaa na kuvua, isiyo na gundi, ambayo nywele zake zimeshonwa kwenye mistari ya lastiki yenye nafasi. Inyanyue kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, hewa itapita. Ukiifua jioni, haichelewi kukauka.

Nywele za binadamu au za plastiki? Wengi hulipia za binadamu wakidhani wananunua usafi. Vimelea vya mapunye hula keratini, aina ya protini, na nywele halisi ni keratini. Za plastiki haviwezi kuzila, ila jasho, mafuta na mba hubaki kwenye kofia vilevile. Ndiyo maana namba mbili naipa plastiki: nunua mbili za bei nafuu, moja ikauke kivulini penye upepo wakati nyingine iko kichwani. Kuliko moja ya ghali inayovaliwa kila siku, bora hizo.

Wigi ya lesi, yaani ya wavu mwembamba unaobandikwa kwa gundi, naiweka ya tatu. Inapendeza, sibishi, lakini inashawishi mtu kukaa nayo wiki mbili, tena juu ya misuko ya twende kilioni ambayo haijakauka vizuri. Yangu niliibandua siku ya kumi na mbili. Kwenye ukingo wake, juu ya sikio, kulikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga, na harufu ya dekio lililosahaulika ndooni. Niliwashwa wiki nzima. Na ukipata mapunye ya kichwani, krimu pekee haifiki kwenye mzizi wa nywele. Daktari hukuandikia vidonge vya wiki kadhaa.

Ya mtumba na ya kuazima iwe ya mwisho kabisa, mimi sigusi. Mbegu za fangasi huweza kuishi miezi kwenye nywele zilizokwisha kunyofoka.

Hata mpya, inuse. Inayonuka ukungu, au iliyomwagiwa manukato makali, irudishe. Halafu kumbuka ile ya maonyesho imeshapita vichwa vingi: beba stokingi yako mkobani, ivae kichwani kwanza, ndipo ujaribu, na ukilipa udai iliyofungwa kwenye mfuko.