Elfu sitini kuogeshwa na barafu ya samaki

Goti langu la kushoto bado linanuka sangara ninapoandika haya. Haya, nimetia chumvi, nimeshaoga mara nne. Lakini harufu ile imenikaa kichwani na haitoki.

Jumapili moja, si zamani, tulikimbia kilomita 21 na wenzangu. Tukapanda Mbuya, tukapanda Naguru, tukamalizia Kololo. Anayeijua Kampala anajua kwamba kupanda vilima kunachosha tu. Kinachoua ni kushuka, mapaja yakigeuka breki. Na maumivu yenyewe hayaji siku hiyo, huja kesho yake na keshokutwa. Mimi Jumatatu nilikuwa na mkutano ghorofa ya nne, na lifti yetu ni ya kubahatisha. Nikaenda kulipia bafu la barafu ambalo kundi letu zima linalisifu. Shilingi elfu sitini. Hizo ni rolex, zile chapati zetu za kukunjia mayai, za wiki nzima na chenji inabaki.

Dada wa mapokezi simsemi vibaya. Alinipa taulo safi na chai ya tangawizi. Nikaingia kwenye beseni nimekaza meno, nikisubiri kupiga kelele, na wapi! Maji ya uvuguvugu. Vipande vya barafu kama kumi na viwili vinaelea pembeni kama wageni waliofika harusini bila kadi.

Sasa mimi hutembea na kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama (mke wangu amechoka kunicheka). Nikakitumbukiza: 21. Jambo hili linataka nyuzi 10 hadi 15, ukae dakika kumi au kumi na tano, mishipa ya damu ijibane. Nyuzi 21 ninazo kwenye bomba langu.

Nikamwita kijana anayehudumia beseni. "Kijana wangu, barafu iko wapi?"

"Imeyeyuka, mzee. Umeme ulikatika usiku."

"Na pesa mmepokea?"

Akanitazama, akatabasamu. "Baridi iko akilini, mzee. Wewe pumua tu."

Pumua tu! Mimi niliyezaliwa kambini Jinja, baba mwanajeshi, nikioga maji ya pipa alfajiri kabla huyu hajafikiriwa kuzaliwa! Nikapandisha sauti, nakiri, hadi walinzi wa getini wakachungulia. Hapo ndipo akatuma boda.

Dakika arobaini nimekaa na taulo kiunoni, miguu inakakamaa. Na katika kusubiri huko nikamsikia kijana yule yule akimuuzia jamaa wa kunyanyua vyuma kifurushi cha kila siku. Jamaa anatafuta kifua! Kujitumbukiza barafuni kila baada ya vyuma kunapunguza ukuaji wa misuli, utafiti wa 2015 ulishaonyesha. Sikunyamaza. Jamaa akaondoka, kijana akaninunia.

Boda akarudi na gunia linalovuja. "Barafu ya mwalo, ssebo, ya Ggaba. Safi kabisa." Mwalo! Yaani barafu ya kulazia samaki. Wakaimimina yote. Kipimajoto kikashuka hadi 12, nikaingia kwa sababu pesa ni yangu, nikamwita bibi yangu marehemu kwa jina lake la utotoni. Nilipotoka, gamba moja kubwa kama ukucha wa kidole gumba lilikuwa limenigandia gotini, linameta kama kishikizo. Nilikuwa na mchubuko kwenye kifundo cha mguu, fikiria.

Nilikuwa nimeshatunga maoni ya kuwaandikia mtandaoni, nyota moja na matusi yake. Kisha Jumatatu ikafika, lifti imekufa, nikapanda ngazi zote nne na kushuka bila kushika ukuta. Wenzangu wa Kololo walikuwa wakishuka kinyumenyume kama kaa.

Labda ni usingizi. Lakini mapitio ya 2012 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, yalikuta maji baridi yanapunguza maumivu haya kuliko kukaa tu, kwa hiyo siwezi kusema ni uchawi. Nyota tatu, basi. Mbili. Nikikumbuka lile "pumua tu" narudi kwenye moja.

Jana nimepiga simu kuuliza barafu yao inatoka wapi siku hizi. Dada anasema wamenunua mashine na jenereta. Nimeshika nafasi ya Jumapili, saa tano. Kipimajoto kiko begini tayari.