Makumbusho ya Agora ya Kale, Athens: uzoefu wangu

Nilifundisha Uraia shule ya msingi miaka tisa kabla sijahamia Hamburg. Kila tulipofika mada ya demokrasia niliandika ubaoni maneno yale yale: demos, watu, kratos, nguvu, chimbuko, Ugiriki. Watoto wakanakili, tukasonga mbele. Basi mwaka huu nilipopata siku nne za kwenda Athens na mwanangu wa miaka kumi na minne, sikuanza na Akropoli, ngome ya kale juu ya kilima. Nilianza na Agora iliyo chini yake, uwanja wa soko na siasa, na makumbusho yake. Naandika haya kwa sababu niliona wageni wengi wakiingia pale, wanapiga picha mbili, wanatoka, na vitu vyenye thamani kubwa kuliko vyote wamevipita.

Makumbusho yamo ndani ya Stoa ya Attalos, jengo refu la nguzo lililojengwa upya kati ya 1952 na 1956 juu ya msingi wa lile la karne ya 2 KK. Baada ya jua la nje, kile kivuli peke yake kinatosha kukurudishia nguvu. Mwenye haraka atamaliza kwa saa moja. Sisi tulikaa tatu, na nusu ya muda huo tuliutumia mbele ya kipande kimoja cha jiwe.

Ni kipande cha marumaru chenye matundu membamba yaliyochongwa kwa mistari, kama mahali pa kuchomekea kadi. Kinaitwa kleroterion, kifaa cha kupata watu kwa bahati. Kila raia aliyejitokeza kuhudumu mahakamani alikuwa na kibao chake chembamba kilichoandikwa jina lake, jina la baba yake na kitongoji chake; vichache vya shaba vipo hapo hapo kabatini. Vibao vilichomekwa kwenye matundu, mstari juu ya mstari. Pembeni palikuwa na bomba, ndani yake gololi nyeupe na nyeusi zilizochanganywa. Gololi ya kwanza ikitoka nyeupe, mstari mzima wa kwanza umeingia kazini siku hiyo. Ikitoka nyeusi, mstari mzima warudi nyumbani. Kwa hiyo tajiri hakuwa na mtu wa kumhonga asubuhi, kwa kuwa hata waamuzi wenyewe hawakujua nani atakaa.

Nilisimama pale nikalifikiria neno letu kura. Askari waliyapigia kura mavazi ya Yesu. Kwenye mchezo wetu wa kina mama tunapiga kura nani apokee kwanza. Hapo hakuna anayemchagua mtu, ni vikaratasi na bahati. Kisha ikifika Oktoba ya uchaguzi tunapiga kura kumpata rais, na neno ni lile lile. Waathens waliielewa vizuri sana kura ya vikaratasi. Majemadari wao kumi waliwachagua kwa kunyoosha mikono, maana vita inataka ujuzi, lakini sehemu kubwa ya vyeo vingine waliigawa kwa bahati. Halmashauri ya watu 500, iliyoandaa mambo ya kupelekwa mbele ya raia, ilipatikana hivyo: 50 kutoka kila kabila kati ya makabila kumi aliyoyaunda mwanasiasa wao Cleisthenes mwaka 508 KK, kwa mwaka mmoja, na mtu hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya mara mbili maisha yake yote. Mwenyekiti wake alikaa siku moja tu, akishika funguo za hazina na muhuri wa dola, kesho mwingine. Mwanafalsafa Aristotle aliandika kwamba kugawa vyeo kwa bahati ndiko kunakohesabiwa kuwa demokrasia, na kuchagua ni desturi ya utawala wa wachache. Miaka tisa mimi nimewafundisha watoto kwamba demokrasia ni uchaguzi. Ningependa kuwaita wote tena darasani.

Kabati la vigae nalo usiliruke. Ni vipande vya mitungi iliyovunjika ambavyo raia waliandika jina la kiongozi waliyetaka aondoke mjini kwa miaka kumi. Mali yake haikuguswa, aliondoka tu. Tafuta jina la Themistocles, yule aliyewaongoza kuwashinda Waajemi baharini Salamis mwaka 480 KK. Kisimani, kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli, vilipatikana vigae vyake 190, na wataalamu walipochunguza miandiko wakaona ni ya watu 14 tu. Maana yake kundi la watu lilikaa likaviandaa, vigawiwe siku ya kupiga kura. Mwanangu aliinama hadi pua ikakaribia kioo. "Mama, hiki na hiki kaandika mtu mmoja." Angalia mkwaruzo wa herufi, utaona alikuwa na haraka.

Malalamiko yangu ni juu ya programu ya simu niliyoinunua mtandaoni, ya kampuni nisiyoitaja, inayokusimulia unapotembea. Ilikwama mara mbili, hilo nasamehe. Nisilosamehe ni kusema kwamba Athens "watu wote" waliamua mambo ya mji. Si kweli, na makumbusho yenyewe hayasemi hivyo. Wanawake hawakupiga kura. Watumwa hawakupiga. Na walikuwepo wageni wakazi, walioitwa metoikoi: wafanyabiashara, mafundi, watu waliozaliwa pale pale wengine. Ilibidi kila mmoja awe na raia wa kumdhamini, alipe kodi ya kichwa, drakma 12 kwa mwaka kwa mwanamume na 6 kwa mwanamke anayejitegemea, na wanaume waende vitani mji ukishambuliwa. Kuanzia sheria ya kiongozi wao Pericles ya 451 KK, raia alikuwa yule tu ambaye baba na mama wote ni Waathens. Aristotle mwenyewe, mzaliwa wa Stageira, alikuwa mgeni mkazi wa namna hiyo. Aliandika raia ni nani katika mji ambao yeye hakuwa raia wake.

Hili linanigusa. Hamburg nina kibali cha kudumu, kodi nakatwa kila mwezi, kura sina. Nikichukua pasi ya Kijerumani, ya kwetu naipoteza, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha. Kumruka metoikos katika simulizi ni kuniruka mimi.

Makumbusho nayapa nyota tano, programu nyota mbili. Vaa viatu visivyoteleza, mawe ya pale yamelainishwa na miguu. Ukitoka, usirudi hotelini. Panda kilima cha Pnyx, hakina kiingilio. Ndipo raia walipokutania, mara 40 kwa mwaka enzi za Aristotle, na mpiga mbiu akiuliza: nani anataka kusema?

Tulifika jua likiwa linashuka, tukaketi mbele ya mimbari iliyochongwa mwambani. Makumbushoni tulikuwa tumeiona saa ya maji ya mahakamani, chungu kinachovuja kwa dakika sita, cha kupimia muda wa msemaji. Mwanangu akaweka dakika sita kwenye simu. "Haya mama, sema."

Nikamsimulia mkutano mkuu wa kijiji wa kwanza niliohudhuria nikiwa mwalimu mgeni, chini ya mwembe wa shule. Bibi mmoja mwenye kanga iliyopauka alisimama, akamwuliza mtendaji mbele ya watu wote: bati za darasa la nne, tulizozichangia tangu mavuno, ziko wapi? Watu walinyamaza kimya. Mtendaji akafunua daftari, akalifunga, akalifunua tena. Simu ikalia.

"Ehe," mwanangu akasema, akaizima, "akajibu nini?"

Nikammalizia tukiwa tunashuka kwenda stesheni ya Thissio.