Mafuta ya upako ya shilingi 10,000: maoni ya mnunuzi mwenye deni

Chupa hii niliinunua katika huduma moja ya maombezi jijini Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa zinazofanana nayo ni nyingi. Naandika baada ya kuitumia kwa siku 21, yaani mara tatu ya muda ulioelekezwa kwenye lebo, ili asije mtu akasema sikuipa nafasi.

Nianze na yanayostahili sifa. Wahudumu wana adabu, kila anayefika hupewa namba na kiti, na milango ya kutokea huachwa wazi muda wote. Jambo hilo la milango silichukulii kuwa dogo, kwani tangu watu 20 walipopoteza maisha mjini Moshi tarehe 1 Februari 2020, katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa, mimi hukagua njia ya kutokea kabla sijakaa popote penye mkusanyiko wa namna hiyo.

Chupa yenyewe ni ya plastiki, ya mililita 100, na kifuniko chake huvuja; shati langu la kazini ni shahidi. Mafuta yananukia karafuu, na kwa jinsi yanavyoteleza nadhani ni ya alizeti. Maelekezo yanamtaka mtumiaji ajipake kwenye paji la uso, apake kizingiti cha mlango na jalada la daftari la biashara, asubuhi na jioni kwa siku 7. Chini yake pamechapwa Yakobo 5:14, ule mstari unaosema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana.

Kabla ya kununua, mtu hujaza fomu yenye visanduku: ndoa, uzazi, kazi, ugonjwa, deni, maadui. Mimi nilitia alama kwenye deni. Sikusema, na hakuna aliyeniuliza, kwamba mimi ndiye mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa mtaani kwetu, na kwamba hilo nililoliita deni ni shilingi 900,000 nilizozitoa kwenye sanduku la wenzangu bila kuwaambia, nikitaraji kuzirudisha kabla ya mgawo wa mwisho wa mwaka. Mwombezi aliisoma fomu, akakemea roho ya madeni kwa sauti kubwa, akanipa chupa na kumwita mwenye namba inayofuata. Yote hayo hayakuzidi dakika 2.

Lazima niseme kwa haki kwamba unafuu niliupata. Usiku ule nililala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, na kwa siku kadhaa nilitembea kama mtu aliyekwisha kulipa. Hapo ndipo ninapoilaumu bidhaa hii kuliko mahali pengine popote, maana ilinipa usingizi wa mtu aliyeungama wakati sikuwa nimeungama neno, na ile aibu ambayo huenda ingenisukuma kwenda kwa wenzangu ikatulia. Siku ya 8 nilipokea ujumbe wa simu kunikumbusha chupa ya pili.

Sina ugomvi na mafuta. Ninachokidai ni mistari miwili iliyoachwa kwenye lebo, kwani Yakobo haishii 5:14. Katika 5:16 anawaagiza waumini waungamiane dhambi zao na kuombeana wapate kuponywa, na huko mafuta hayawezi kumwakilisha mtu. Naamani naye, yule jemadari wa Shamu katika Agano la Kale, alipopona ukoma alitaka kulipa, nabii Elisha akakataa kabisa, na Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyekimbia nyuma ya gari kuyafuata malipo akaishia na ukoma ule ule. Yesu, katika Marko 8:34, anamtaka anayemfuata ajikane mwenyewe, wala hamtajii siku 7. Kwenye fomu ile niliweza kulikabidhi deni langu nikabaki na nafsi yangu yote mkononi, pamoja na cheo cha uhazini na jina zuri mtaani.

Kwa kulinganisha, nilimweleza shida yangu mzee mmoja wa kanisa baada ya ibada ya jumuiya, nikitumia neno lile lile la deni. Aliniuliza, "Mwanangu, wenye fedha wanajua?" Nilipokaa kimya hakunikemea, aliniombea kwa maneno machache kisha akasema kwamba Jumapili atanisindikiza kwenye kikao cha kikundi nikitaka. Huduma hii ya mzee haina bei, haina namba, wala haina unafuu wowote kati ya Jumatano na Jumapili. Siku hizo nne sikulala.

Kikao kilikuwa kigumu. Mama mmoja alilia, mwingine alinitukana, uhazini wakaninyang'anya, na kwa kauli ya wengi wakanipa miezi 9 ya kulipa shilingi 100,000 kila mwezi. Nimelipa miwili.

Mafuta nayapa nyota 2 kati ya 5, moja ya utaratibu wa foleni na moja ya harufu. Nusu chupa iliyobaki naitumia kwenye bawaba za geti, ambazo zilikuwa zikilia sana.