Fundi wa kibodi za zamani Makoroboi: nyota nne, ya tano kaila mwenyewe

Wakuu, kuna mzee mmoja ana kibanda kwenye vichochoro vya Makoroboi, hapa Mwanza mjini, hakina bango, mbele kuna ndoo ya rimoti mbovu na feni moja isiyo na kifuniko. Simtaji jina maana sijamuomba ruhusa. Nimeenda kwake mara tatu mwezi huu kwa ajili ya kibodi moja tu, ndo maana naandika.

Kisa chenyewe ni kwamba nimejitengenezea nyumbani Nyegezi kikompyuta cha kuiga ZX Spectrum, ile mashine ya Sinclair ya Uingereza ya mwaka 1982, yenye prosesa ya Z80 na memori ya 48K (ilikuwepo ya 16K pia). Yangu inaendeshwa na kibao cha ESP32 (kisaketi kidogo chenye prosesa yake) chenye soketi ya VGA ya monita na soketi ya PS/2 ya kibodi, ile ya duara ya zamani, nikaweka emyuleta ya bure, yani programu ya kuigiza mashine nyingine, nikakifungia kwenye boksi la plaiwudi. Picha ikatoka safi siku ya kwanza. Kibodi ndo ikagoma. Imekufa kabisa, hata taa haziwaki.

Sasa kosa langu, nilinunua kibodi mpya ya USB elfu 25 na kale kaadapta ka zambarau ka kugeuza USB kuwa PS/2, elfu 5, muuzaji (siyo huyu mzee, ni duka lingine) akaniapia kwamba kanakubali kila kibodi. Nikakesha siku tatu napakia programu upya nikijua tatizo ni hizo programu, bando likaisha, nikabadilisha mpaka emyuleta yenyewe, wapi.

Nikapanda daladala na boksi langu mapajani, Butimba, Mkuyuni, Igogo, konda ananiuliza hicho ni king'amuzi au? Nafika kwa mzee, shikamoo, marahaba, akaniambia chomeka nione. Hakugusa chochote, akatazama tu zile taa tatu za kibodi. Kimya. Akakatoa kaadapta akakageuza geuza.

"Mwanangu, humu ndani hamna akili yoyote, ni nyaya tu. Hii kibodi yako inajua lugha moja."

Yani hapo ndo nikaelewa kitu ambacho siku tatu zote sikukipata. Adapta kama hizo hazitafsiri chochote, zinaunganisha pini kwa pini basi. Zinafanya kazi kama kibodi yenyewe ilitengenezwa kujua lugha zote mbili, USB na PS/2, na zamani ziliuzwa nyingi za hivyo, ila za siku hizi nyingi ni USB peke yake. Hata ungekuwa na adapta kumi.

Akaingiza mkono kwenye boksi la nyuma akatoa kibodi ya ofisini ya zamani, nzito kama tofali, rangi ilikuwa nyeupe enzi hizo, plagi ya duara ya zambarau. Mi nikataka kuichomeka hapo hapo akanipiga kofi la mkono, zima kwanza! PS/2 siyo USB, haikutengenezwa kuchomekwa umeme ukiwa unapita, unaweza kuua soketi. Tukazima, tukachomeka, tukawasha, taa tatu zikapepesa mara moja zikazima. Akasema hiyo ni kibodi inajikagua yenyewe ikiwaka, ikipepesa hivyo ujue umeme umefika na ubongo wake mzima. Elfu 8 kibodi, elfu 5 ya kutazama. Nikalipa.

Nyumbani nikawasha, nikabonyeza J ikaandika LOAD. Neno zima! Nikabonyeza P ikaja PRINT. Nikampigia simu kwa hasira kwamba fundi kibodi uliyonipa imechanganyikiwa, akanijibu taratibu kwamba yeye anajua umeme, mambo ya programu hajui, nikaangalie mwenyewe. Jibu hilo nimeliheshimu sana kwa kweli, mafundi wangapi mjini wangeniambia ilete nikuibie tena? Nikaangalia, kumbe Spectrum ndivyo ilivyo, batani zake zilikuwa 40 tu na kila moja imebeba amri nzima, ukiwa mwanzo wa mstari herufi moja inatoa neno. Alama za kufunga na kufungua maneno unazipata kwa SYMBOL SHIFT na P. Aibu yangu.

Safari ya pili ilikuwa herufi kujirudia na nyingine kupotea. Nikifika kwake ipo sawa, nikirudi Nyegezi inaanza. Akaniuliza nyumbani unatumia waya gani wa chaja, nikauleta kesho yake, akapima na multimita ule upande wa kibodi: volti 4.4, wakati hizi kibodi za zamani zinataka 5. Kawaya kembamba ka simu kananyonya umeme njiani. Akanipa kanene kafupi, 4.9, tatizo kwisha. Hakunitoza hela ya kupima, ya waya tu, elfu 3.

Ya tatu ndo ilikuwa tamu. Mnakumbuka wiki ile vijidudu vya ziwani vilipanda mpaka majumbani, ukiwasha taa ukutani kunakuwa keusi? Mi dirisha nililiacha wazi. Asubuhi kibodi imejaa maiti na batani kama saba zimekufa, nikajua ni wadudu. Mzee akaniuliza ni zipi, nikamwandikia, akasema zikifa kwa kundi hivi siyo uchafu wa juu, maana batani zimepangwa kwa mistari na safu, zinachangia njia, ukiona kundi zima limekufa ujue kuna njia moja imekatika. Akafungua. Ndani ni karatasi mbili za plastiki zenye njia za umeme na ya tatu katikati ya kutenganisha, na ule mkia wa karatasi unabanwa kwenye saketi kwa skurubu. Skurubu mbili zilikuwa zimelegea. Akaufuta mkia kwa spiriti kwa mkono mwepesi kweli (ukisugua kwa nguvu unang'oa njia zenyewe), akakaza, zote saba zikafufuka. Wadudu walikuwa hawana kesi.

Kimoja hakikupona: kwenye magemu yanayochezwa kwa batani za Q, A, O, P na spesi, nikishikilia tatu kwa pamoja kuna wakati ya tatu inakataliwa. Akasema hilo halitengenezeki, kibodi za bei rahisi haziwekewi dayodi (kidude cha kupitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila batani, kwa hiyo mchanganyiko mwingine inaukataa makusudi isije ikaandika herufi ambayo hujabonyeza. Nikahamisha batani kwenye mipangilio, maisha yanaendelea.

Nyota ya tano kaila kwa neno "kesho". Kesho yake ni keshokutwa, risiti hakuna, na umeme ukikatika anafunga anaenda kula sato Kirumba, simu hapokei. Mkienda mwambieni aijaribu kibodi mbele yenu na mwende na waya wenu wa umeme wa nyumbani. Zimebaki nne za plagi ya duara kwenye lile boksi, ila ile ambayo herufi L imefutika msiiguse, nishaiwekea advansi.