Kliniki ya sheria ya chuo hapa Dodoma: kwa wenye shida za uhamiaji

Huduma ni bure, na kwenye vibali vya ukaazi wanafunzi wa sheria wanaohudumia hapa, chini ya wakili msimamizi, wako makini kweli. Kazi yao bora ni mahojiano ya mwanzo. Mmoja anauliza, mwingine anaandika, kisha pasipoti inapitiwa ukurasa kwa ukurasa: muhuri wa kuingia, aina ya viza, tarehe ya mwisho. Makosa mengi hujificha hapo. Wengi hudhani kibali cha ukaazi cha Daraja B, kile cha mgeni aliyeajiriwa, kinawafuata popote, kumbe kimefungwa kwa mwajiri aliyekiomba. Ukihama kazi, mwajiri mpya anaanza upya, kibali cha kazi kwanza, cha ukaazi baadaye. Wanalieleza hilo kwa Kiswahili chepesi, bila kumtisha mtu.

Udhaifu uko kwenye makabidhiano. Muhula ukiisha faili linahamia mikono mingine, na pasipo muhtasari mteja anahojiwa tena huku siku zinakwenda. Inaumiza, kwa sababu dawa yake ni karatasi moja tu. Omba namba ya faili na jina la wakili msimamizi. Nenda na nakala za kurasa zote zenye mihuri, mkataba wa kazi, na barua ya kukataliwa kama ipo. Pasipoti halisi rudi nayo.